Presha ya Macho: Usirudi Kihonda na Namba Moja

Mkazi wa Kihonda akienda kupima presha ya macho, mara nyingi hurudi nyumbani na namba moja kwenye kadi. Ikiwa 16, anashusha pumzi. Ikiwa 24, anaanza kujiona kipofu. Huenda wote wawili wamekosea. Mwenye 16 anaweza kuwa na glaukoma inayomla taratibu, na mwenye 24 akafika uzeeni bila kupoteza hata chembe ya uoni. Sababu mojawapo iko mbele kabisa ya jicho, kwenye konea, ule utando mgumu, angavu, unaofunika mboni. Presha ya ndani hupimwa kwa kubonyeza konea, na konea za watu hazilingani kwa unene wala kwa ugumu.

Mwongozo huu ni wako ikiwa umefikisha miaka 40, una ndugu aliyepofuka kwa glaukoma, au umeshaambiwa unahitaji matone, leza au upasuaji. Lengo lake ni urudi na namba tatu: presha ya kila jicho, unene wa konea, na hali ya neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Tena usichanganye presha hii na presha ya damu. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine, na kipimo cha mkononi hakisemi lolote kuhusu jicho.

Nani aende kupima

Aina ya glaukoma iliyo ya kawaida kwetu haiumi, haiwashi na haifanyi jicho jekundu. Huanza kula uoni wa pembeni, na kwa kuwa jicho moja hufidia lingine, mtu hugundua ameshapoteza sehemu kubwa. Kilichopotea hakirudi, kwa dawa wala kwa kisu. Hapo ndipo glaukoma inapoachana na mtoto wa jicho, ambaye akitolewa mtu huona tena.

Si ugonjwa wa mbali. Kongwa, wilaya ya Dodoma unayoipita ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, pale penye soko la mahindi la Kibaigwa, ilifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Watu zaidi ya 3,200 wenye miaka 40 na kuendelea walipimwa vijijini, na zaidi ya 4 katika kila 100 walikutwa na glaukoma.

Nenda mapema zaidi, hata kabla ya miaka 40, ikiwa:

1. Mzazi, kaka au dada yako ana glaukoma. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Glaukoma haifuati utaratibu huo. Inaweza kukujia kutoka upande wowote. Waulize wazee wa pande zote mbili: bibi alipofuka kwa nini? Jibu la "uzee tu" au "macho yalikufa" halitoshi. Uliza kama alitolewa mtoto wa jicho na bado hakuona.
2. Huoni mbali kiasi cha kuvaa miwani yenye nguvu kubwa.
3. Jicho liliwahi kupigwa na ngumi, mpira, kijiti au kipande cha chuma.
4. Umetumia kwa wiki au miezi matone yenye steroidi, kama deksamethasoni. Matone haya hutuliza mzio wa macho haraka, ndiyo maana wazazi huyarudia dukani kwa ajili ya watoto wanaowashwa macho kila msimu wa vumbi. Kwa baadhi ya watu hupandisha presha kimyakimya na kuua neva. Mtoto asitumie steroidi bila daktari wa macho kumfuatilia.

Kipimo kinafanyikaje

Ndani ya jicho hutengenezwa maji angavu, kama mikrolita 2 hadi 2.5 kwa dakika. Si machozi. Hulisha konea na lenzi, kisha hutoka kupitia chujio dogo kwenye pembe kati ya konea na ile duara yenye rangi. Chujio likizembea, maji hujaa na presha hupanda. Kwa watu wengi presha huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki.

Hatuwezi kuingiza geji ndani ya jicho la kila mgonjwa, kwa hiyo tunapima kwa nje. Ni sawa na kubonyeza tairi la baiskeli kwa kidole gumba ili kujua upepo: tairi la mpira mnene litaonekana limejaa, na tairi jembamba litaonekana limepungua, hata kama upepo ni uleule. Konea nene au ngumu hupandisha namba. Konea nyembamba au laini huishusha.

Chombo kinachotegemewa zaidi duniani ni kile cha Hans Goldmann, daktari wa Bern, Uswisi, aliyekitambulisha katika miaka ya 1950. Jicho hutiwa ganzi na rangi ya njano, kisha ncha ndogo hulaza sehemu ya konea yenye kipenyo cha milimita 3.06. Kipenyo hicho kilichaguliwa kwa sababu hapo ugumu wa konea unaosukuma nje na mvutano wa machozi unaovuta ndani hukaribia kufutana. Hesabu hiyo hukaa sawa kwa konea yenye unene wa takriban maikroni 520, yaani nusu milimita na kidogo. Ukitoka mbali na hapo, namba huanza kupotoka.

Kliniki nyingi hutumia pia chombo cha mkononi kinachogusa jicho kwa kijiti chepesi kisha kurudi, bila ganzi. Kingine hupuliza upepo. Vyote husaidia kuchuja watu wengi, ila vyote huathiriwa na konea, baadhi kuliko cha Goldmann. Usilinganishe namba ya chombo kimoja na ya kingine kana kwamba ni mizani ileile. Andika kwenye kadi: namba, chombo, saa.

Unene wa konea na maana yake

Unene hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kwa mwanga, kwa dakika chache, na kwa mtu mzima mara moja hutosha kwa miaka, isipokuwa konea iwe na ugonjwa au imefanyiwa upasuaji. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, wana konea nyembamba kuliko Wazungu. Maana yake kwetu ni nzito: presha ya kweli inaweza kuwa juu kuliko namba inayosomeka.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuatilia watu 1,636 waliokuwa na presha ya juu lakini neva nzima. Waliokuwa na konea ya maikroni 555 au chini walikuwa na hatari ya kupata glaukoma kama mara tatu ya wale wa zaidi ya 588. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba, hata bila matibabu, zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuwa wamepata glaukoma baada ya miaka mitano. Ndiyo sababu mwenye 24 hapaswi kukata tamaa, na mwenye 16 mwenye konea ya maikroni 480 hapaswi kulala usingizi.

Kwa hiyo:

Presha ya juu, konea nene, neva nzima: huenda utafuatiliwa tu bila dawa.

Presha ya kawaida, konea nyembamba: neva ichunguzwe kwa makini, na urudi mapema.

Presha yoyote ile, neva imeharibika: hiyo ni glaukoma hadi daktari athibitishe vinginevyo. Kwenye tafiti za kupima watu mitaani, karibu nusu ya wanaokutwa na glaukoma huwa na presha ya kawaida siku hiyo.

Usijumlishe wala kutoa namba mwenyewe. Majedwali ya kusahihisha presha kwa unene yapo, lakini hayakubaliani, kwa sababu konea mbili zenye unene sawa zinaweza kutofautiana kwa ugumu. Ugumu huo nao una kipimo chake. Tangu mwaka 2005 ipo mashine inayopuliza upepo na kurekodi presha mara mbili, konea ikilala kuelekea ndani na ikilala tena inaporudi nje. Tofauti ya namba hizo huitwa histeresisi, na kwa jicho zima huwa karibu na 10 au 11. Macho yenye histeresisi ya chini huonekana kuharibika haraka zaidi. Wataalamu wengi hufikiri ni kwa sababu konea na ukuta mweupe wa jicho ni tishu zilizoungana, na jicho lisiloweza kupokea msukumo mbele huenda lina udhaifu nyuma pia, pale neva inapotokea. Usihangaike kutafuta mashine hiyo. Unene wa konea na neva vikipimwa vizuri, matibabu yanaendelea.

Siku ya kupimwa

Anza na kliniki ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Morogoro mjini. Kwa daladala ni safari fupi kupitia Msamvu. Duka la miwani linaweza kukupima presha, lakini namba ya duka ichukue kama onyo, si hukumu.

Usivae shati lenye kola inayobana shingo wala tai. Usinywe chupa kubwa ya maji kwa mkupuo ukiwa kwenye foleni. Lita moja kwa dakika chache huweza kupandisha presha. Wakati wa kipimo pumua kawaida na usikaze macho. Kubana pumzi peke yake huinua namba.

Mweleze mpimaji mambo anayoweza asiyaone haraka: kama ulifanyiwa upasuaji wa kuacha miwani, kama fundi wa kuchomelea uliwahi kutolewa kipande cha chuma machoni, kama una kovu la dawa ya kienyeji, au kinyama kilichopanda juu ya konea kwa jua na vumbi. Kovu hukaza konea, na upasuaji wa miwani huipunguza unene. Kote kuwili namba hupotoka.

Presha hubadilika ndani ya siku. Kwa wengi hupanda usiku wakiwa wamelala na alfajiri. Kama unapimwa saa nane mchana kila mara, omba siku moja upimwe asubuhi.

Kisha uliza, kwa adabu na bila woga: "Daktari, konea yangu ina unene gani? Kikombe cha neva ni ngapi kila jicho? Nahitaji kipimo cha uwanja wa kuona?" Kikombe ni kile kishimo katikati ya neva. Kwa wengi ni kama 0.3 au 0.4 ya upana wa neva. Kikifika 0.7, au jicho moja likizidi lingine kwa 0.2, kuna jambo la kuchunguza. Yaandike majibu yote kwenye daftari lako mwenyewe, maana kadi hupotea na madaktari huhama.

Matone au leza

Matibabu yote ya glaukoma yana kazi moja: kushusha presha ili neva iliyobaki iokoke. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba macho yaliyokaa chini ya 18 kila yalipopimwa kwa miaka sita, kwa wastani wa 12.3, karibu hayakupoteza zaidi. Mwulize daktari presha lengwa yako. Si 21 kwa kila mtu. Neva ikiwa imechoka sana, lengo hushuka.

Timololi ni matone ya bei nafuu na yanapatikana. Usiyatumie kama una pumu au mapigo ya moyo ya polepole. Mwambie daktari kabla. Latanoprosti hutiwa mara moja jioni. Chupa isiyofunguliwa hutakiwa friji, na ikifunguliwa hutupwa baada ya wiki sita. Kwa joto la Morogoro, muulize mwenye duka aliihifadhi wapi. Ukitia tone, funga jicho na bonyeza pembe ya karibu na pua kwa dakika mbili. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika tano.

Leza ya kufungua chujio imethibitishwa hapahapa Tanzania. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 waligawanywa: wengine wakapata leza, wengine timololi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja macho 61 katika kila 100 ya leza yalifikia lengo, dhidi ya 31 ya timololi. Kwa mtu anayeishi mbali, au asiyekuwa na uhakika wa kununua matone kila mwezi, hili ni jambo la kuulizia unapoomba rufaa.

Ukiambiwa upasuaji

Upasuaji wa kawaida ni trabekulektomi, uliotambulishwa mwaka 1968. Daktari hufungua mlango mdogo kwenye ukuta mweupe, chini ya kope la juu, maji yatoke na kukusanyika kwenye kifuko kidogo chini ya ngozi nyembamba ya jicho. Mara nyingi huweka dawa ya kuzuia kovu, maana kovu likiziba mlango, presha hurudi. Jicho lililoshindwa kwa njia hiyo linaweza kuwekewa mrija.

Kumbuka: upasuaji huu haurudishi uoni. Ukifanyiwa ukitegemea kuona vizuri zaidi, utadhani umeharibiwa. Unafanyiwa ili kubaki na ulicho nacho.

Hapa konea inarudi tena kwenye hesabu. Siku za mwanzo konea inaweza kuvimba kwa maji, na konea iliyovimba hulainika na kusoma presha chini kuliko ilivyo. Kwa hiyo namba ya wiki ya kwanza isikupe raha wala hofu; daktari huangalia pia kifuko na kina cha maji mbele ya jicho. Presha ikishuka kupita kiasi, chini ya 5 au 6, ukuta wa jicho unaweza kujikunja nyuma na kuvuruga uoni. Vijana na wasioona mbali, wenye ukuta mwembamba, huathirika zaidi. Aliyewekewa mrija afuatiliwe konea yake kwa miaka, kwa sababu mrija ukiikaribia huua seli za ndani zinazoiweka angavu. Konea pia hubadilika umbo baada ya nyuzi, kwa hiyo usinunue miwani mpya kabla ya miezi mitatu hivi.

Kinachoamua mafanikio ni kurudi kliniki. Utatakiwa siku ya kwanza, kisha karibu kila wiki kwa mwezi mzima, kwani nyuzi hukatwa na kovu hudhibitiwa kipindi hicho. Kama umepewa rufaa ya Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT, panga nauli za kurudi kabla hujakubali tarehe. Treni ya SGR, iliyoanza mwaka 2024, inachukua abiria hapohapo Kihonda na kufika Dar kwa chini ya saa mbili.

Baada ya upasuaji, kwa wiki kadhaa hadi daktari aseme:

Usifikiche jicho. Kufikicha hupandisha presha ghafla, hutikisa kifuko, na kwa miaka hulegeza konea. Lala na kinga ya plastiki.

Usibebe ndoo kichwani, usilime, usipande milima na mzigo wa mboga au ndizi. Omba wanao wakusaidie.

Usiiname kichwa kikawa chini ya kiuno. Muislamu aswali ameketi kwenye kiti.

Tumia matone yote uliyopewa, hata yale ya steroidi. Hapa yana kazi maalumu, na daktari ndiye atakayeyapunguza.

Kimbilia hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa ni miaka kumi baada ya upasuaji, ukiona jicho jekundu lenye usaha au maumivu, uoni umeshuka ghafla, au maji yanachuruzika kutoka kwenye kifuko. Maambukizi ya kifuko yanaweza kuua jicho kwa saa chache. Usipitie dukani kwanza.

Kabla hujafunga daftari

Glaukoma haina mwisho wa kliniki. Hata presha ikikaa 12 kwa miaka, neva na uwanja wa kuona vipimwe angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu namba nzuri juu ya konea nyembamba imeshawapofusha wengi. Na kama umekutwa nayo, usiifanye siri ya nyumba. Wapigie simu kaka na dada zako, walioko Mgeta, Kilosa au Dar es Salaam, uwaambie wakapime mwezi huu, na warudi na namba tatu.